Fidla za Upande wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa, mpimaji wa masikio alikuwa akiingia kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, anajifungia, anavaa hedifoni na kujipima mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa chuoni: usimpime mtu kwa mashine ambayo wewe hujaisikiliza. Kwake huo ulikuwa ndio wakati mtamu wa siku, maana nje ya mlango ule kulikuwa na korido ya hospitali, na korido ya hospitali haijui kunyamaza. Watoto wanalia, magurudumu ya vitanda yanakwaruza sakafu, majina yanaitwa na wasioitwa wananung'unika.

Asubuhi hiyo alifungua mlango akamkuta mwanamume ameketi kwenye kiti, macho kayafumba, anavumisha wimbo mdomo ukiwa umefungwa, huku kidole kikigonga goti.

Mpimaji aliduwaa, mkono bado uko kwenye kitasa. Mwanamume alifumbua macho akainuka haraka. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, ila mikono yake ilikuwa na madoa ya wino, ya bluu na mekundu, yale yasiyotoka hata ukifua kwa hasira.

"Samahani, dada. Nilidhani hapa ndipo pa kusubiri."

"Hapa ni pa kupimiwa."

"Basi nipime. Ila nivumilie kidogo, selo zangu zinakaribia kuingia."

Mpimaji hakujua selo ni zipi wala zinaingia wapi, lakini alijikuta anasubiri.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa, na kiwanda chao kilikuwa kimewaleta wafanyakazi wote wapimwe. Sikio lake la kulia lilikuwa zima kabisa. La kushoto lilikuwa limefifia, kwa kuwa mtambo wake ulisimama upande huo miaka yote. Mpimaji alimweleza kwa upole, akamsisitizia avae vizibo vya masikio kazini, naye akalichukulia kiutani. Alisema sasa ameelewa kwa nini msimamizi wake, ambaye hupenda kusimama kushoto, hajawahi kumkera.

Wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa.

"Mwanangu," mama wa mapokezi alimwambia mpimaji, akichungulia mlangoni, "mgonjwa wako asiyeumwa yupo tena. Leo kachana nywele."

Yakaanza hivyo. Wakawa wanakula chakula cha mchana pamoja kwenye benchi la bustani ya hospitali, yeye akikaa kulia kwa fundi bila kukumbushwa. Fundi alimpachika jina la Bi Kimya. Yeye, baada ya kulifanyia mazoezi kichwani siku nzima, alimwita Bwana Wino, kisha akaona haya akaangalia viatu. Jioni simu ilikuwa ikiita wakati anamenya vitunguu.

"Umekula, Bi Kimya?"

"Bado."

"Umenikumbuka?"

Kisu kikasimama. Akatafuta neno, likamkwepa.

"Nimesikia," fundi alisema. "Umenikumbuka mpaka umeshindwa kusema."

Ndipo akamsimulia kuhusu wimbo ule aliokuwa akiuvumisha. Alikuwa ameutunga kwenye kompyuta, ala moja baada ya nyingine: fidla, selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, filimbi, tarumbeta. Muziki hakusomea popote. Alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza na kukosea. Katikati ya okestra yote hiyo aliimba mtu mmoja tu, dada yake mkubwa, mshonaji nguo, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Maneno yalikuwa ya maisha yao wenyewe: mwanamke anashona chumba cha pili huku akiimba, ili mtoto aliyelala ng'ambo ya ukuta ajue kwamba hayuko peke yake. Okestra ya wapenda muziki wa mjini, iliyokuwa ikikutana kwenye ukumbi nyuma ya posta, ilikuwa imekubali kuusikiliza na kuamua kama itaupiga kwenye tamasha lake. Fundi hakuwa akitafuta sifa. Alitaka watu waliojaa ukumbi wamsikie dada yake.

"Lakini kabla yao nataka wewe," alisema. "Una masikio kuliko mtu yeyote ninayemjua."

Wakausikiliza mlemle kwenye chumba kisichopitisha sauti, saa ya chakula. Mpimaji alivaa hedifoni. Fundi alikaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana, anamtazama usoni.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpimaji wa masikio hufundishwa kutotikisa hata nyusi. Akitabasamu, akiitikia kwa kichwa, mgonjwa atabahatisha badala ya kusikia. Uso wa kazini lazima uwe kama ukuta uliopakwa rangi jana. Yeye alikuwa ameuvaa kwa miaka ndani ya chumba kile, na hedifoni zilipomkaa kichwani, uso ule ulijivaa wenyewe. Ndani yake selo ziliingia, zikamshika kifua. Sauti ya mshonaji ilimkumbusha mama yake akipitapita nyumbani alfajiri. Nje, fundi aliona ukuta.

Wimbo ulipokwisha alivua hedifoni, akatafuta pa kuanzia, na kwa vile alikuwa mwoga wa maneno makubwa, alianza na lile dogo.

"Fidla zimezidi. Zimemfunika dada."

"Fidla?" Fundi alicheka kidogo. "Mbona zinanong'ona?"

"Umeziweka upande wa kushoto. Ni sikio lako. Umezipandisha mpaka wewe uzisikie."

Kicheko kilikauka. Fundi alikunja waya wa hedifoni taratibu, kama mtu anayefungasha virago.

"Nilikuletea wimbo," alisema. "Umenipa majibu ya vipimo."

Mpimaji alitaka kumwambia asubiri, kwamba hilo lilikuwa la kwanza tu, kwamba nyuma yake kulikuwa na mengine yamepanga foleni. Lakini fundi alikuwa amekwisha shika kitasa, na kutoka koridoni mama wa mapokezi alikuwa anaita jina la mgonjwa wa kwanza wa mchana.

Simu ya jioni ikaacha kuita. Mpimaji alimenya vitunguu akalia, akajiambia ni vitunguu. Mara kadhaa alishika simu, akaandika neno moja, akalifuta. Kioo cha bafuni kilisikia yote ambayo fundi hakuyasikia, tena kwa ufasaha.

Ijumaa mchana simu iliita kwa namba ngeni.

"Wifi, hujambo?" Ilikuwa sauti ya kwenye wimbo. Aliitambua kabla haijajitambulisha, akavuta kiti akakaa. Mshonaji hakutaka kuzunguka. Alisema mdogo wake ana kiburi cha jogoo, na yeye ndiye aliyemlea kwa hiyo lawama anazipokea. Alisema juzi amemkuta amevaa hedifoni kinyume, ya kushoto ameipeleka sikio la kulia, anajisonya mwenyewe na kurudia wimbo upya. Fidla zilikuwa zinapiga kelele kama soko, naye hakuwa amejua. Tangu hapo ameshughulika na nota zake usiku na mchana, lakini kupiga simu hataki.

"Ananiambia eti hukuupenda."

"Niliupenda, dada."

"Ulimwambia?"

Mpimaji alitikisa kichwa.

"Mimi uso wako sijauona, siwezi kujua unasema nini," mshonaji alisema. "Kesho alasiri okestra inaupiga kwa majaribio, kabla ya kuamua kuhusu tamasha. Wana utaratibu wao: mtunzi anakaa kwenye kiti ameupa ukumbi mgongo, kila mpigaji au msikilizaji mwenye la kusema analisema, na haruhusiwi kugeuka wala kujibu mpaka wa mwisho amalize. Kwa hiyo uso wako hautasaidia kitu pale, wifi. Njoo na mdomo."

Kesho yake mpimaji alivaa gauni la zambarau ambalo kila mara alilirudisha kabatini kwa kuliona linapiga makelele. Ukumbi ulinukia vumbi na nta ya sakafu. Wapigaji walikuwa watu wa kawaida, kila mmoja katoka kwenye shughuli zake: daktari wa meno kwenye filimbi, mlinzi wa benki kwenye tarumbeta, bado yumo ndani ya sare. Mbele kabisa, mgongo kwa wasikilizaji, alikaa fundi, shati limenyooka, shingo imekakamaa.

Fidla zilianza. Zilianza chini, chini kabisa, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Mpimaji alishika ukingo wa kiti. Kisha mshonaji alisimama, mwanamke mfupi mwenye miwani, akafungua kinywa, na hakuna chombo kilichomfunika. Alisikika mpaka mlango wa nyuma, ambako mfagiaji aliegemeza ufagio ukutani na kuvua kofia.

Maoni yalifuata. Daktari wa meno alisifu selo. Mlinzi alilalamika kwamba tarumbeta imepewa kazi kidogo mno, hata wake zao wangedhani walikuja kukaa tu. Ukumbi ukacheka. Mmoja alishauri kipande cha katikati kifupishwe, wengine wakambishia. Kiongozi wa okestra aliuliza kama kuna mwingine.

Mpimaji alisimama. Badala ya kusema kutoka alipokuwa, alitembea mbele, akapita nyuma ya kiti cha fundi, akasimama upande wa kulia, karibu na sikio zima. Akaona shingo ile ikishtuka. Fundi alikuwa ametambua hatua zake.

"Fidla zimekaa mahali pake," alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Na huyo dada, leo amesikika. Siku ile nilikusikiliza kwa uso wa kazini, ukadhani hakuna kitu nyuma yake. Nyuma yake nilikuwa nalia. Nilikutajia kosa moja kwa sababu lilikuwa jepesi kulitamka. Yaliyobaki yalikuwa mazito."

Alivuta pumzi. Ukumbi ulikuwa kimya kama chumba chake cha asubuhi.

"Ni wimbo mzuri, na najivunia mpaka nashindwa kutulia kwamba mimi ndiye wa kwanza kuusikia. Na aliyeutunga nampenda. Nimemaliza, Bwana Wino. Geuka."