Sabwufa ya Gogo la Isukuti

Jua lilikuwa likiegemea mashamba ya miwa Mustafa alipobisha mlangoni kwa Beldina, kando ya barabara ya Malava. Fundi huyu wa redio kutoka Mumias alikuwa na ule uchovu wa umri usioondolewa na usingizi. Lakini wito wa mama mzee haukataliwi.

Beldina alimkaribisha kwa sauti ya chini. Mumewe, Baba Mathew, mpiga ngoma ya isukuti aliyesifika, alikuwa kitandani tangu masika, hajui aingiaye wala atokaye. Kabla ulimi haujamlegea, aliagiza ngoma yake ibanduliwe ngozi ya kenge na mahali pake pafungwe spika, isije ikanyamaza kabla yake. Sasa ilinguruma kutwa kucha.

Mustafa akamweleza taratibu. "Sabwufa, hii spika ya mngurumo, ikizibwa huzuia pumzi, mama. Sauti yake ni kavu, ina adabu. Yenye tundu hupumua, na mngurumo wake hutembea nyumba nzima. Hii yako iko wazi nyuma, kama ngoma yoyote."

"Basi izibe. Mimi silalangi, fundi. Nimechoka."

Akapiga magoti. Kwanza akachomoa waya ukutani, kama ilivyo desturi yake. Taa ya kijani ikazimika.

Du... du... du...

Akajiambia kwamba umeme hubaki kidogo tumboni mwa mashine. Akapeleka kiganja tunduni, nyuma ya ngoma. Upepo vuguvugu ulitoka, ukaingia, ukatoka... Ulinuka ugoro. Chumba cha pili, mgonjwa alikoroma kwa mwendo uleule.

Akaitoa mkobani shuka yake kuukuu ya kuswalia safarini, akaishindilia tunduni.

Kimya.

Na mkoromo nao ukakatika.

Beldina hakugeuka kutazama chumbani. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama asikilizaye dua ikifika mwisho.

Mustafa akaivuta ile shuka kwa mikono miwili.

Du...

Chumbani mtu akavuta pumzi ndefu, kama aliyeibuliwa majini.

"Ulijua, mama?" akanong'ona.

"Namwosha. Namgeuza. Namlisha uji kwa kijiko. Na kila nikifumba macho, ngoma inaniambia bado." Akanyoosha mkono. "Niachie hiyo shuka."

"Saa ya mja iko kwa Mola wake."

"Na ilipokuwa tunduni, fundi, mkono ulikuwa wa nani?"

Mustafa akainuka. Akakusanya bisibisi zake mkobani, akatoka.

Magharibi ikamkuta kwenye miwa. Nyuma yake ngoma ililia polepole, kama mzee apandaye mlima. Akatia mkono mkobani atafute ile shuka, aitandike aswali.

Haikuwamo.

Alijaribu kukumbuka kama Beldina aliichukua, au kama ni yeye aliyempa. Alikuwa bado anajaribu, kichwa kimeelekea kule nyumbani, ngoma iliposita.