Maumivu ya Kuazima

Kengele ya mwisho ilipolia, msichana ambaye wenzake walimwita Kipanga alisukumiza madaftari mkobani, akaichomoa raketi chini ya dawati na kukimbilia uwanja wa saruji nyuma ya maktaba. Ndivyo alivyofanya kila siku ya shule. Jina lile alilipata kwa jinsi alivyoirukia mipira karibu na wavu, macho yamemtoka, kama kipanga aliyeona kifaranga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na mama yake mkubwa, mwalimu wa hisabati, ambaye kila Jumanne na Alhamisi aliwafundisha tenisi watoto wadogo katika uwanja huohuo.

Siku moja ilikuja timu ya wageni kwa mechi ya kirafiki. Miongoni mwao alikuwamo msichana mwembamba ambaye raketi yake ilitoa sauti ya pekee. Raketi za wengine zililia pa! kama kibao kilichoanguka sakafuni. Yake ilitoa mlio mzito, wa upole, na mpira ukaondoka kama uliotumwa. Kipanga alishindwa vibaya.

"Sikushindwa mimi," aliwaambia wenzake walipokuwa wakiokota mipira. "Imeshindwa raketi yangu."

"Basi kesho raketi ije mazoezini, wewe ubaki nyumbani," akasema rafiki yake Mrefu, na wote wakaangua kicheko.

Kipanga hakucheka. Alikuwa amekwisha kumwuliza yule mgeni siri yake, naye akamjibu kwamba raketi ile ilifungwa nyuzi za utumbo wa ng'ombe.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa raketi. Chumba cha fundi kilikuwa chembamba, chenye dirisha moja, na katikati yake ilisimama mashine ya kukazia nyuzi, imefungwa kwa skrubu kwenye meza iliyochubuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kamuudhi Kipanga leo?"

"Nataka nyuzi za utumbo."

"Ng'ombe mwenyewe umemwomba ruhusa?" Fundi aliipokea raketi, akazibonyeza nyuzi kwa kiganja. "Hizi za nailoni bado nzima kabisa. Una bahati, maana kwangu nailoni zimekwisha mpaka mwezi ujao. Zimebaki hizi ngumu. Hazikatiki ovyo, ila kila unapopiga mpira, kishindo chote kinakwenda kwenye kiwiko."

"Na za utumbo?"

Fundi alifungua droo, akatoa bahasha moja tu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi zilizokunjwa duara, rangi ya asali nyepesi.

"Hizi zinavutika na kurudi kama kitu kilicho hai. Mpira unaondoka, mkono unapumzika. Adui yao ni maji. Mchezaji mmoja mstaafu aliniachia, akanisihi nisiziuze. Alisema: 'Mpe mwenye mkono unaouma.' Kuna mtu mzima nimemwekea, atapita leo jioni."

Kipanga aliitazama bahasha ikirudi ndani ya droo. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Hata mimi mkono unaniuma, fundi."

Fundi aliinua kichwa. "Wewe? Unakuuma wapi?"

Hapo palihitajika jibu, na jibu Kipanga alikuwa nalo. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimwona mama mkubwa akisimama ghafla katikati ya kazi na kuushika upande wa nje wa kiwiko chake. Akashika papo hapo.

"Hapa. Hasa nikikamua nguo. Na nikiinua birika."

Fundi alimpa jagi la maji. "Nyoosha mkono, kisha uliinue taratibu."

Kipanga aliliinua hadi usawa wa kifua. Akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, kisha akautia mkono wa kushoto chini ya jagi, hasa kama mama mkubwa alivyofanya kila asubuhi wakati wa kumimina chai. Hakukosea hata kidogo.

Uso wa fundi ulibadilika. "Pole sana, mwanangu. Mdogo namna hii!" Akaifungua droo tena. "Yule mtu mzima ataelewa. Mkono unaokua hauna mchezo."

Kazi ilichukua saa nzima. Fundi alipitisha uzi tundu kwa tundu, akauvuta bila papara, akakata ncha zilizobaki. Akamwagiza asiiache raketi inyeshewe mvua hata mara moja. Kipanga aliitikia, "Ndiyo, fundi," bila kumtazama usoni.

Jioni hiyo mama mkubwa alichelewa kurudi. Alipofika aliiegemeza raketi yake ukutani na kujitupa kitini.

"Nyuzi zangu zilikatika juzi, na fundi alikuwa ameniwekea za utumbo," alisema. "Lakini amempa mtoto mmoja anayeumwa kiwiko. Amenifungia zile ngumu, amezilegeza kadiri alivyoweza."

Kijiko kilisimama mkononi mwa Kipanga.

"Hukukasirika, mama?"

"Nimkasirikie mtoto mgonjwa? Nayajua maumivu yale, hata kulala ni shida." Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kichupa. Ndani yake mlikuwa na nusu ya dawa yake ya kuchua. "Fundi hakunitajia jina lake, wala mimi sikuuliza. Kesho ukipita, mwachie hii ampelekee. Mwambie achuliwe kila jioni, na asione haya kusema anapoumia."

Kipanga alikipokea kichupa. Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa mbele yake, wazi kama mlango. Akakitia kichupa mkobani, akaendelea kula.

Hakukifikisha kwa fundi. Siku ya pili kizibo kililegea, na darasa zima likajaa harufu kali ya dawa.

"Nani kaleta hospitali?" Mrefu aliuliza huku kaziba pua. "Kipanga! Tangu lini umekuwa bibi kizee?"

Wenzake walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kipanga alisema ni dawa ya mtu fulani.

Raketi, kwa upande wake, haikumwangusha. Jumatatu na Jumatano, siku za mazoezi ya shule, mipira yake ilianguka pale pale alipotaka. Wenzake walimsifu, wakasema atang'ara katika mashindano ya shule yaliyokaribia. Hata hivyo kila alipousikia mlio ule mzito, alimkumbuka mama mkubwa, na akifika nyumbani aliificha raketi nyuma ya kabati. Asubuhi mama mkubwa alimimina chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa tena wa kuinua birika.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mawingu yalitanda tangu mchana. Kipanga alikuwa akijizoeza peke yake kwenye ukuta wa maktaba, mbali kidogo na watoto wadogo. Mama mkubwa aliwapanga mstari, akawaonyesha namna ya kuanzisha mchezo. Akarusha mpira juu, akaupiga.

Mpira ulivuka wavu. Raketi nayo ikamponyoka na kubiringika sarujini. Mama mkubwa aliinama, amekikumbatia kiwiko.

Kipanga aliitupa raketi yake chini na kumkimbilia. Matone ya kwanza yalianguka walipokuwa wakivuka lango kuelekea zahanati, na hakukumbuka kurudi nyuma.

Daktari alikikunja kiwiko, akakikunjua, akauliza mama mkubwa alikuwa akichezea nyuzi za namna gani. Kisha akatikisa kichwa. Miezi mitatu asiguse raketi, na chaki aishike kwa mkono wa kushoto.

"Na wale watoto wangu?" mama mkubwa aliuliza taratibu.

Mvua ilipokatika, Kipanga alirudi uwanjani. Raketi ilikuwa katika dimbwi. Nyuzi zilikuwa zimevimba, zimelegea na kuchambuka nyuzinyuzi kama kamba kuukuu. Aliipeleka kwa fundi vivyo hivyo, ikidondosha maji, na akamweleza yote bila kuruka hata neno.

Fundi alizipapasa nyuzi zilizolowa. "Nyuzi hizi hazirudi tena, binti. Nitakufungia nailoni zikifika. Lakini neno uliloniambia mimi, bado hujamwambia mwenyewe."

Mama mkubwa alimkuta mlangoni, raketi mkono mmoja, kichupa mkono wa pili.

"Yule mtoto ni mimi, mama. Sikuumwa popote. Nilifanya kama unavyofanya wewe ukiinua birika."

Mama mkubwa alikitazama kichupa, bado kimejaa karibu chote. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nyuzi si kitu, mwanangu. Zingekwisha siku moja. Kinachoniuma ni kwamba uliyajua maumivu yangu vizuri kiasi cha kuyaigiza, na hukuniuliza hata siku moja: mama, unaumwa?"

Kipanga alilia. Mama mkubwa hakumzuia. Alimwacha alie, kisha akamkalisha karibu naye.

"Sasa nisikilize. Ukisema uongo ili upate kitu, kitu hicho kinatoka mkononi mwa mtu, hata kama humwoni. Ukiona mwenzako anaumia, usiyatazame tu maumivu yake; mwulize, msaidie. Samahani nimeipokea. Yaliyobaki ni kazi. Jumanne wale watoto watakuja, nami nitakaa kwenye benchi. Nitasema, wewe utarusha mipira."

"Na mashindano ya shule?"

"Nayo ni Jumanne hiyo hiyo. Wewe utakuwa na watoto."

Kipanga aliinamisha kichwa. Kisha akaitikia, "Sawa, mama."

Akakifungua kichupa, akamimina dawa kiganjani, akaushika mkono wa mama mkubwa kwa uangalifu.

"Ni hapa panapouma?" aliuliza.

"Shuka kidogo," mama mkubwa akasema. "Hapo. Hapo hapo."