Aliyeitikia Kule Studio

Mwimbaji alikuwa na mtindo wake wa kurekodi: leo anaimba na kuacha nafasi za kiitikio wazi, kesho anarudi kujiitikia mwenyewe. Sasa asubuhi ile fundi mitambo alipofungulia wimbo wa jana, nafasi zote zilikuwa zimeshajazwa. Sauti ilikuwa yake, pumzi zake, hadi kale kamkwaruzo ka kooni. Na yeye usiku kucha alikuwa nyumbani na mumewe, wanambembeleza binti yao mchanga.

"Mlango nilifunga mwenyewe," fundi alinong'ona. "Nifute?"

Mpiga drams, kaka yake mwimbaji, alimkata jicho. Albamu ya kwanza iliipa jina bendi yao ya roki. Hii ya pili ilikuwa imewatoa jasho, na mitaani watu walishaanza kusema wale wa roki wameishiwa.

"Ufute kitu kitamu hivi? Una wazimu? Acha hapo hapo."

Mwimbaji naye, sijui alipitiwa na nini, akaisogelea maiki akicheka. "Asante, shoga. Imba wewe basi, sauti yangu chukua tu, mimi nina mtoto wa kulea."

Alikuwa anatania. Jamani, utani mwingine mtu unaumeza. Chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua, na hakuna aliyewasha hata kiberiti.

Albamu ilitoka, ikashika kila kona. Saluni ni wao, harusini ni wao, redioni ndio usiseme. Ila kila wimbo ulipopigwa, mwimbaji alihisi koo linakauka. Kwanza zilimpotea noti za juu. Kisha siku moja jukwaani akafumbua mdomo pasitoke kitu, na wimbo ukaendelea vilevile kwenye spika, na umati ukashangilia hadi wengine wakalia, naye amesimama pale mdomo wazi, akimsikia mtu nyuma ya shingo yake anavuta pumzi kabla ya kila mstari.

Alibakiwa na mnong'ono. Akaenda kwa mganga, mama mmoja mpole.

"Kuimba basi, nitaacha hata leo," alimwambia. "Lakini mwanangu hanyamazi mpaka anisikie. Nisipokuwa na sauti, atanijuaje?"

Mganga alimfukiza, akamsomea, mpaka akalowa jasho yeye mwenyewe. Alipomaliza alikuwa hamtazami usoni.

"Ulimpa kwa mdomo wako?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Wale hawajui utani. Kwako nimemtoa, lakini sauti ameondoka nayo. Na mtoto ulimtaja mbele yake?"

Mwimbaji akaitikia kwa kichwa.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Usisimame popote."

Alikimbia viatu mkononi. Aliposukuma mlango, mumewe alikuwa upande wa pili wa sebule, amempa mgongo, mtoto analia begani kwake. Ndipo kutoka chumbani ikaja ile sauti, laini, yenye usingizi.

"Baba nanii, niletee mtoto nimbembeleze."

"Kumbe umesharudi? Na sauti imefunguka, afadhali," mume alijibu kwa furaha, akaingia.

Mwimbaji alipiga ukelele kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama, na sebule ikabaki kimya. Mlango wa chumbani ukajifunga taratibu. Kule ndani, mtoto alikuwa ameshanyamaza.