Dakika Mbili za Kimya

Kizimba kilikuwa na kufuli mbili, na Idarous alikuwa na ufunguo mmoja tu. Wa pili ulining'inia shingoni mwa mke wa Bethuel.

"Basi mlete," alisema Idarous.

Walikuwa chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja wa mtaa wa Hockley, ughaibuni, Jumatano, Novemba 2005. Bethuel aliangalia nywele za watu zilizofagiliwa pembeni.

"Mama Nyambura hapana. Yeye ni mtu wa kanisa."

"Na mimi mtu wa msikiti. Mlete."

Alimleta kesho yake. Mumbua, mkewe, alikaa bila kuvua koti.

Wote watatu walifanya kazi kiwanda kimoja, Aston. Idarous, Mzanzibari mwenye maneno laini na macho makavu, alikuwa mtunza stoo. Mumbua alikuwa mkaguzi. Bethuel aliendesha van ya kupeleka masanduku. Kiwanda kilitengeneza bledi, yale mapanga madogo ya ndani ya injini za helikopta za jeshi, na tangu vita vya Iraki vianze, kazi haikupungua. Bledi hupakwa platinamu ili moto usizile. Platinamu yenyewe ilitundikwa kizimbani, chumba cha wavu ndani ya stoo, mabamba manne, kila moja ukubwa wa daftari la shule.

"Sikiza, shemeji," Idarous alisema. "Kesho tarehe kumi na moja. Saa tano kamili king'ora kinalia, mashine zinazimwa, watu mia tatu wanainamisha vichwa kuwakumbuka askari waliokufa. Mlinzi wa geti la nyuma analiacha wazi, anakwenda kuinama na wenzake. Dakika mbili. Tunafungua, tunatoa mabamba, tunatundika haya."

Akaweka mezani mabamba manne ya alumini. Ukiwa nje ya wavu usingeona tofauti.

"Mtaiba watu wakikumbuka maiti?"

"Maiti hawahesabu mabamba. Kesho kazi inaisha saa sita, kizimba hakifunguliwi mpaka Jumatatu. Kewal, yule mfua vito, anayayeyusha mchana huohuo. Jumamosi mko Nairobi na mtoto wenu."

"Kwa nini nisibaki ndani, nitoke saa sita na wenzangu?"

"Anayebaki ana mdomo. Tunatoka pamoja."

Garini, kwenye taa nyekundu, Mumbua alimgeukia. "Nyambura anatoka shule saa tisa na robo, Baba Nyambura. Nikishikwa, hana mtu."

"Gari haliondoki bila wewe."

"Apa."

Bethuel akaapa, kwa jina la mama yake.

Ijumaa, saa tano kamili. King'ora kililia. Mashine zikafa moja baada ya nyingine, mpaka ukasikia maji yakidondoka kwenye bomba. Bethuel alikaa kwenye van nyuma ya stoo. Geti lilikuwa wazi, mita arobaini. Mlango wa nyuma wa van ulikuwa wazi vilevile.

Sekunde hamsini. Walitoka wote wawili, Idarous na begi, Mumbua mikono mitupu. Idarous akarusha begi ndani, akapanda. Mumbua akaweka mguu mmoja, akasimama. Mkono wake ulikwenda shingoni.

"Visahani vyangu."

Bethuel alielewa mara moja. Kiwandani hakitoki kitu msumarini bila kuacha kisahani chako cha shaba, chenye namba yako. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ya ndege, kwa sababu kifaa kilichosahaulika ndani ya injini huangusha helikopta. Miaka sita mkono wa Mumbua ulikuwa ukitoa bamba na kutundika kisahani kutoka kwenye kamba ya shingoni. Leo pia. Bamba lipo na kisahani cha kusema halipo nacho kipo: yeyote anayepita angesimama kutazama.

"Vyote vinne?" Idarous aliuliza.

"Mkono umefanya wenyewe."

"Mpumbavu wewe." Akamtupia ufunguo wake. "Kimbia."

Akakimbia.

Dakika moja na sekunde kumi.

Idarous alipumua kwa pua. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo, "Funguo zote mbili anazo yeye. Namba yake iko kizimbani. Wakimkuta, mwizi ni mmoja."

"Nyamaza."

"Endesha, Bethuel."

"Nimeapa."

"Uliapa mbele ya mkeo, hukuapa mbele ya jaji. Mlinzi anarudi baada ya nusu dakika. Mtoto abaki na mzazi mmoja au asiwe na hata mmoja?"

Bethuel alitazama mlango wa stoo. Alihesabu hadi kumi. Akahesabu tena, hakufika tano. Akaondoa mguu kwenye klachi.

Dakika moja na nusu. Mumbua alitoka na visahani vinne ngumini. Alikuwa amemaliza. Alikuwa hatua kumi tu. Aliiona van inatembea, hakuita. Katika kimya kile, kila mtu angesikia. Alikimbia, akashika ukingo wa mlango wa nyuma. Bethuel alimwona kwenye kioo. Mguu wake haukwenda kwenye breki.

Idarous akaufunga mlango kwa nguvu zote.

Mumbua akapiga ukelele. Mashine zingekuwa zinanguruma, asingesikika hata na jirani. Watu mia tatu waliinua vichwa.

Hockley, saa tano na dakika kumi na tano. Kewal alifungua mlango wa van, akaona vilivyobaki kwenye ukingo wake. "Hivi ni vya nani?"

Bethuel aliendelea kushika usukani.

"Ondoeni gari hapa," akasema, akateremsha mlango wa chuma wa duka.

Polisi waliwakuta mtaa wa pili. Mumbua alikuwa ameshawataja kwa majina, mkono ukiwa ndani ya taulo.

Idarous alipata miaka tisa. Bethuel saba, kisha ndege ya kurudishwa Nairobi. Mumbua alipata mitatu, akatumikia miwili. Vidole viwili vya mkono wa kulia, daktari hakuviunga. Mabamba manne yalirudi misumarini, na bledi za wiki ile hazikuchelewa hata moja. Nyambura alipelekwa kwa familia ngeni mtaa wa Great Barr, akiwa na miaka sita. Mama yake alipokwenda kumchukua, mtoto alikuwa na minane, na hakuelewa tena neno hata moja la Kiswahili.