Salama ya Tano

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, Absalom Odhiambo alisikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka juu ya jukwaa, naye alikuwa bado chini, ameinama akifunga kamba za viatu.

Mahali penyewe palikuwa Thika, karibu na mto Chania, ambapo ghala la mawe lilikuwa likijengwa. Jukwaa lilikuwa la nguzo za mikaratusi zilizofungwa kwa kamba za katani, lenye safu nne za mbao za kukanyagia. Kazi ya Odhiambo ilikuwa kulitunza. Kila siku, kabla ya mtu mwingine kupanda, ilimpasa apande peke yake, avute kila fundo kwa mkono, na akimaliza safu moja aite, "Salama!" Salama nne zikitimia, nyapara Zacharia Kagwe alipuliza filimbi, na watu wakapanda.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Lakini tangu Januari Odhiambo alikuwa amejipatia njia fupi. Alipanda hadi safu ya kwanza tu, akajificha nyuma ya nguzo ya pembeni, akaita mara nne, kila mara akiinua kichwa zaidi ili sauti ionekane imetoka juu. Wote walijua. Kagwe alijua, akanyamaza kwa sababu kazi ilianza nusu saa mapema. Mafundi nao walikuwa na makosa yao. Aliyehitaji kamba ya kufungia kuni za nyumbani alifungua fundo moja hapa, jingine pale, akisema yaliyobaki yanatosha.

Jumanne hiyo sauti iliita mara nne. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo ambacho Odhiambo alizoea kukitanguliza kabla ya neno. Kagwe akapuliza filimbi. Watu walipokuwa wakielekea kwenye ngazi, sauti ikaita tena, "Salama!" Safari hii ilitoka juu ya safu ya nne, mahali palipokuwa na ukungu tu.

"Leo umezidisha, omera," Githinji alimtania, akimwita ndugu kwa Kijaluo.

Samuel Githinji alikuwa mwashi, mtu wa Ngoingwa, na sifa yake kubwa ilikuwa kuiga sauti za watu. Alimwiga karani, alimwiga mhubiri, alimwiga Kagwe mwenyewe akiwa amempa mgongo. Kwa hiyo Odhiambo hakucheka. Saa ya chakula alimfuata.

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine anaiga watu hapa? Hata kikohozi changu umekichukua."

"Nilikuwa nimesimama karibu nawe nikila kiazi. Nimekuiga na mdomo umejaa?"

"Basi uliweka mtu."

Githinji alishusha sauti. "Mimi naona wewe ndiye umeweka mtu. Umechoka hata kupanda hiyo safu moja."

Kwa miezi saba wawili hao walikuwa wakila kwenye sufuria moja. Kuanzia siku hiyo kila mmoja alikula kwake, na hawakusemezana.

Jumatano na Alhamisi sauti iliita tena, mara tano kila asubuhi. Alhamisi adhuhuri, watu wote wakiwa chini wanakula, mbao za safu ya nne zililia kama zinavyolia mtu mzito anapohamisha mguu. Kagwe aliwahesabu watu wake. Walikuwa kumi na tisa, na wote kumi na tisa walikuwa wameketi. Kisha ikashuka harufu ya katani iliyooza, ikichanganyika na kitu kama nywele zilizoungua. Ijumaa ubao ukainama wenyewe, na karai la simiti likaanguka mahali ambapo Kagwe alikuwa ameondoka muda huo huo.

Kagwe alimgeukia Wambua, mbeba mawe.

"Ninyi watu wa Machakos ndio mnafuga majini."

"Nyapara, ningekuwa na jini, ningebeba mawe kwa kichwa?" Wambua alijibu. Hakuna aliyecheka. "Lakini baba yangu mdogo anayajua mambo haya. Nitamleta Jumapili."

Mzee Mbuvi alifika Jumapili mchana kutoka Kilimambogo, na mfuko mdogo ambao hakuufungua. Alilizunguka jukwaa, akanusa kamba, akamtaka Odhiambo aeleze yote. Odhiambo alieleza, hata habari za njia yake fupi. Kagwe alitazama chini.

"Nani amemtuma?" Kagwe aliuliza.

"Hakutumwa na mtu. Jini hutafuta nyumba iliyoachwa. Ninyi mlikuwa mkiliita hilo neno, na ndani yake hamna mtu. Ameingia."

"Basi mtoe, mzee."

"Nitamtoaje katika neno lenu? Acheni kuliita. Kila mtu avute fundo lake kwa mkono wake. Akikosa wa kumwamini, atahama."

Githinji hakuwapo, Jumapili alikuwa kanisani kwao. Kagwe alimwagiza Odhiambo apite Ngoingwa jioni ampe habari. Odhiambo alikubali kwa mdomo. Njiani akaukumbuka ule ugomvi wa kiazi, akaenda zake nyumbani Kamenu kulala.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito. Odhiambo alifika saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku zote, akasikia hatua za mtu juu. Aliijua miguu hiyo. Githinji alikuwa amefika kabla yake, akasikia salama nne, akapanda.

Odhiambo akaanza kupanda akivuta kila fundo, kwanza polepole, kisha kwa haraka, na kwenye kila safu, kabla mkono wake haujafika kwenye kamba, sauti yake mwenyewe ilimnong'oneza sikioni kwamba ni salama, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikazidi kadiri alivyopanda, mpaka alipoipapasa nguzo ya pembeni ya safu ya tatu na kukuta haina kamba kabisa, ila alama laini ya mahali ambapo kamba ilikuwa.

"Githinji! Simama hapo hapo, usisogeze mguu!"

"Salama!" sauti yake ilijibu kutoka juu, kwa utulivu, ikitanguliwa na kikohozi.

Githinji akauliza kwa sauti ndogo, "Odhiambo, uko wapi?"

"Niko chini yako. Nguzo ya pembeni imefunguliwa."

"Salama," ikasema ile sauti, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Uko hapa nyuma yangu," Githinji alinong'ona. "Nakusikia unavyopumua."

"Siko hapo. Usigeuke."

"Nitamwamini nani? Wiki nzima hukunisemesha."

Odhiambo alitambua kwamba lolote atakalosema atalisema kwa sauti ile ile iliyowadanganya watu hawa kila asubuhi tangu Januari, na kwamba yule aliye juu hakuiba kitu chochote ambacho yeye mwenyewe hakukiacha wazi.

"Usiniamini," alisema hatimaye. "Usimwamini yeye wala mimi. Shika kamba iliyo karibu nawe, uivute."

Akasikia katani ikiteleza juu ya mti, kwa wepesi, kama uzi unaotoka kwenye sindano.

"Ngai!" alisema Githinji.

Alijirusha kwenye uwazi wa dirisha, akang'ang'ania jiwe la chini kwa mikono yote miwili. Mbao za safu ya nne zikaondoka moja baada ya nyingine, zikapita karibu na bega la Odhiambo, zikaangukia pale ambapo watu kumi na saba wangekuwa wamesimama saa moja kamili.

Tangu siku hiyo neno lile halikuitwa tena. Kila mtu alivuta fundo lake, na kamba za kuni zikarudishwa bila mtu kuuliza. Sauti iliita siku mbili zaidi. Siku ya tatu ilinyamaza, na harufu ikaisha. Githinji na Odhiambo wakarudia sufuria yao moja. Githinji hakumwiga mtu tena.

Mwezi wa Septemba kikosi cha Kagwe kilihamia Ruiru kujenga stoo ya kahawa. Ng'ambo ya barabara kampuni nyingine ilikuwa ikiinua jengo lake. Asubuhi ya pili Odhiambo alikuwa safu ya pili, ameuma kipande cha kamba kwa meno, akivuta mafundo, na Githinji kando yake. Ng'ambo ya barabara mtu alikohoa kidogo.

"Salama!"

Githinji aliutazama mdomo wa Odhiambo. Ulikuwa bado umebana kamba.

Zilipofika nne, Odhiambo alishuka mbio, akavuka barabara, akamshika mkono nyapara wa pale asiyemjua.

"Bwana, nani amekagua jukwaa lako?"

"Fundi wetu. Kwani wewe hukusikia?"

Kando yao fundi huyo, aliyekuwa ameinama akifunga viatu, aliinua uso. "Nyapara, mimi bado sijapanda."

Wenzake walicheka. Walikuwa wameuzoea mchezo wake wa kuita bila kupanda. Ndipo salama ya tano ikaita kutoka angani, juu ya mbao za mwisho, na Odhiambo akafungua mdomo kuwazuia, akawaona wote wakitazama juu, kisha wakimtazama yeye, kwa kuwa sauti ilikuwa moja na yake.

Filimbi ilikuwa imekwisha kupulizwa.