Msomaji wa Pili

Kiti kilikuwa na joto, na hakuna aliyekikalia.

Pale kliniki ya meno walimwita Digrii kwa kejeli, kwa kuwa alikuwa nayo na bado alifanya kazi ya bure. Kutwa alifungua picha za mionzi za magego ya chini, akahesabu mifereji ndani ya mizizi, akajaza fomu. Utafiti wa daktari mwenye kliniki ulidai wasomaji wawili wa picha hizo, kila mmoja asome peke yake. Wa pili hakuwepo. Daktari akamtunga: jina la uongo, kiti chake, safu yake kwenye fomu.

"Formality tu, mdogo wangu," alisema, jino lake la dhahabu liking'aa. "Jaza safu zote mbili, nikuandikie barua ya kazi."

Digrii alijaza ya kwake tu. Ile nyingine ikaanza kujijaza.

Gego la arobaini yeye alihesabu mifereji mitatu. Safu ya pili ikasema minne, wino bado mbichi. Akarudi kwenye picha. Wa nne ulikuwepo, mwembamba kama uzi, na mara ya kwanza haukuwepo. Karafuu ikanuka, akajiambia kliniki gani ya meno hainuki karafuu, lakini harufu ikamsogelea kama pumzi, na mchana ule ule, wagonjwa wakipiga soga nje ya mlango, ikafunguka picha ambayo hakuna aliyeipiga, taya lake mwenyewe, na kwenye mzizi wa gego la kushoto mfereji mweusi ukashuka, ukapita mfupa, ukatoka nje ya picha, huku jino likimdunda sawasawa na kitu kilichogonga meza pembeni yake.

"Nani kakuita?" alinong'ona.

"Nimeandikwa," kiti kikajibu.

Hofu yake ikageuka hasira.

"Mabosi kumi na tisa wamenikataa, sikumkimbia hata mmoja. Wewe usiye hata na CV ndiwe unitishe?"

Akashika kalamu, akalikata lile jina fomu baada ya fomu, akaandika chini: hakuna msomaji wa pili. Jino likatulia. Kiti kikapoa.

Daktari alipoona, alimwambia kwa sauti ya chini asahau barua.

"Kaa nayo," Digrii akamjibu.

Daktari akavuta fomu mpya, akaketi kwenye kile kiti, akaliandika jina upya kwa mkono wake. Karafuu ikarudi. Kwenye kioo cha kompyuta likafunguka taya lenye jino la dhahabu.

"Digrii," alinong'ona, ameshika shavu. "Hapa unaona mifereji mingapi?"

Digrii alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Muulize mwenzako."