Utingo Aliyejiandika Mwenyewe

Dereva Clever alirudi kutoka foleni ya mpakani ameshika karatasi za lori lake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kilichooza.

"Dada Ruti, mimi natembea peke yangu," alisema. "Huyu Mbonile ni nani?"

Ruti akaangalia. Chini ya jina la dereva, mahali pa utingo, palikuwa pameandikwa Mbonile, bila jina la baba wala la ukoo. Karatasi zenyewe zilinuka nywele zilizoungua.

Ruti ndiye aliyetunza kompyuta za ofisi ile ya uwakala wa forodha pale Tunduma, mali ya Mzee Anyosisye. Kwanza alidhani Ikupa, karani wa nyaraka, amekosea. Ikupa akakana. Ruti akaifungua kompyuta ya Ikupa, akaanza kupekua, na huko ndani akakuta akaunti ambayo hakuifungua yeye, imefichwa isionekane, ina mamlaka sawa na ya kwake. Pembeni yake kulikuwa na amri ndogo inayojiendesha kila kompyuta inapowashwa. Kazi yake ilikuwa moja: akaunti ikifutwa, iitengeneze tena.

"Tumeingiliwa, Mzee," alisema. "Kuna mtu amejiachia njia ya kurudia."

Alifuta vyote viwili, akabadilisha maneno ya siri ya ofisi nzima. Kesho yake Mbonile alikuwa amerudi. Akapiga Windows upya, Mbonile akarudi. Akachomoa intaneti kutwa nzima, akajisikia mjanja, na jioni akalikuta jina kwenye karatasi za malori matatu. Mzee akanunua kompyuta mpya kabisa, nailoni bado imeng'ang'ania skrini, na kabla ya chakula cha mchana Mbonile alikuwa ndani.

"Wiki ya nne hii unaniambia umemtoa," Mzee alisema. "Fundi gani wewe?"

Ruti alienda chooni, akaupiga ukuta kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi.

Madereva nao walikuwa wameanza kunong'ona. Mmoja aliliingiza lori mtaroni karibu na Mpemba, akasema mkono wa mtu mwingine uliukamata usukani. Mwingine aliliacha lake Nakonde, upande wa Zambia, akarudi kwa miguu na hakutaka kusema alichokiona. Wote wawili, jina la Mbonile lilikuwa kwenye karatasi zao.

Ndipo Ruti akasoma upya kumbukumbu za kompyuta, mstari kwa mstari. Alikuwa anamtafuta mwizi wa mbali. Hakukuwa na wa mbali. Kila mara akaunti ile ilitengenezwa hapo hapo ofisini, kwenye kibodi ya Ikupa, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Asubuhi iliyofuata alikaa nyuma ya Ikupa, akijifanya anatengeneza printa. Ikupa alikuwa anapiga stori za harusi ya binamu yake kule Isansa. Ilipofika saa nne na dakika kumi stori ikakatika katikati ya neno, ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na Ikupa, ambaye siku zote aliandika kwa vidole viwili akitafuta herufi moja moja, akageuza uso dirishani kutazama msururu wa malori huku vidole vyake vyote kumi vikikimbia juu ya kibodi bila kukosea, bila kupumzika, na kwenye skrini akaunti ikajitokeza, ikajificha, na jina likaanza kujipanga kwenye karatasi za siku ile.

"Ikupa," Ruti akanong'ona. "Unaandika nini?"

"Siandiki, dada," Ikupa alijibu taratibu, bado anatazama nje. "Nimepumzika tu kidogo."

Walimwita Mchungaji Hezron, baba mdogo wa Ikupa, kutoka Ileje. Waliomba mchana kutwa. Ruti aliishika mikono ya Ikupa kwa nguvu zake zote, maana ilikuwa inataka kuandika hata hewani. Sauti ya kiume, iliyochoka, ikatoka kinywani mwa binti yule: "Mimi nina kazi yangu. Nimeandikwa." Mchungaji akaikemea mpaka naye sauti ikamkauka. Mwishowe Ikupa akaomba maji, akauliza kwa nini watu wamemzunguka.

Wiki mbili zikapita kimya. Ruti alikagua kila asubuhi, akakuta pasafi. Mzee akaanza tena kumsalimia.

Alhamisi moja simu ya Ruti ikaita. Alikuwa Clever.

"Dada, huyu kijana uliyenipa hasemi neno. Toka tuvuke hajafumbua mdomo."

"Kijana gani?"

"Mbonile wenu yule wa karatasi. Umemwandika wewe mwenyewe leo, nimesimama pale pale nakuona."

"Clever, nisikilize. Simamisha gari. Shuka, usimwangalie, usimuage."

Alisikia breki, mlango ukifunguliwa, kisha pumzi za Clever akikimbia kwenye kokoto.

"Nimeshuka," Clever alisema. "Niko mbali. Naiona kabini yote kwa hapa, dada. Haina mtu."

"Una uhakika?"

"Haina mtu. Ametoka, na mlango wa upande wake haujafunguka."

Ruti alitaka kumwambia asirudi garini, atafute watu akae nao. Alivuta pumzi aseme, akasikia harufu ya nywele zilizoungua, karibu sana, kama inatoka kwenye kola ya blauzi yake. Akatazama chini. Simu alikuwa ameibana kwa bega, hakumbuki ameibana saa ngapi, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kibodi, inaandika.